Waya Aliouvuta Firdaus

Bwaise, Kampala
Jumapili, baada ya Alasiri

Mdogo wangu mpendwa Ruqayya,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute umekaa kitako, chai iko karibu na mwanao Firdaus amelala, maana nataka uisome hadi mwisho. Hamjambo huko Jinja? Mgongo wa shemeji umepata nafuu? Sisi huku ni wazima. Mvua ya juzi ilileta maji mpaka kizingitini, lakini Bwaise bila maji si Bwaise; tulipandisha bidhaa za duka juu ya meza, tukafagia, maisha yakaendelea. Mama anakusalimu sana. Najua tangu Idi simu zangu hupokei, wala sikulaumu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Habari kubwa naitanguliza: ile diski yenye darsa za marehemu Baba imepona. Zilikuwa mia mbili na kumi na mbili, na zimerudi mia moja tisini na nane. Mwenzangu, nilikuwa nimekwisha kukata tamaa. Unakumbuka siku ya Idi tulipoichomeka kwenye kompyuta ili Mama asikie sauti ya mumewe, Firdaus akaushika waya, na diski ikawa inagonga ndani kama mtu anayebisha hodi, kisha kimya. Unakumbuka pia niliyoyasema mbele ya wageni. Nakala nyingine hatukuwa nayo, na Mama alikuwa ameomba jambo moja tu: siku ya hitima ya mwaka amsikie Baba akifasiri Yasini.

Mafundi wawili wa mjini waliniambia nitupe. Wa tatu akanielekeza kwa binti mmoja Kyambogo, jina lake Akot, mwenye chumba nyuma ya duka la fotokopi. Baba yake ni mwanajeshi mstaafu, naye amekulia kambini Mbuya, na Kiswahili chake ni cha kambini kwelikweli: hata akikukaribisha kiti unahisi umeamrishwa. Aliuliza kwanza nimeiwasha mara ngapi tangu ianze kugonga. Nikasema labda ishirini. "Nyabo, mama, wewe nauwa hii kitu," akaniambia. Alinieleza kwamba ndani mna sahani zinazozunguka na kisomeo chembamba kinachopita juu yake, na kila nilipoiwasha nilikuwa naimalizia. Mimi na bismillahi yangu ya kila asubuhi, kumbe nilikuwa naichinja.

Alipolifungua ganda la plastiki, alilisogeza puani. Akaniuliza swali moja, nami nikamjibu uongo. Nitakuambia huko mbele. Viguso vya shaba, pale waya unapoingia, vilikuwa vimeota kutu ya kijani. Akavifuta kwa spiriti na pamba, halafu kwa kifutio cha penseli, hiki hiki cha watoto wa shule, nami nikajiuliza kama nimeletwa kwa fundi au kwa mcheza kiini macho. Lakini diski iliacha kugonga. Hata hivyo hakukimbilia darsa. Alisema kwanza diski nzima inakiliwe kwenye diski mpya, palipo pazima kwanza, palipoharibika parukwe na kurudiwa baadaye. Darsa zitafutwe kwenye nakala, ile ya zamani ipumzike. Siku tano, Ruqayya. Kila siku baada ya Adhuhuri nilimpelekea sambusa, akila huku akinicheka kwamba Kiswahili changu ni cha kitabu. Tumekuwa marafiki.

Siku ya tano sauti ya Baba ilitoka, na kikohozi chake kile kile. Nililia. Akot, ambaye ni mtu wa kanisani, alisema mzee huyu anafundisha polepole hadi yeye mwenyewe ameelewa. Nyumbani Mama aliposikia, alijifunika kanga vizuri kichwani, kana kwamba Baba ameingia na wageni.

Juzi nikiwa nazisikiliza moja moja, nikaifikia darsa ya mwezi wake wa mwisho. Katikati sauti inakatika. Inaporudi, wanafunzi wanamkemea mtoto, na Baba anacheka. Anasema, "Mwacheni Firdaus wangu. Waya utanunuliwa mwingine." Kisha anaendelea na aya yake.

Ruqayya, wahenga walisema mficha uchi hazai. Swali la Akot lilikuwa hili: nani ameogesha hii kitu, mbona inanuka harusi? Nikasema sijui. Ni mimi. Tangu Baba afariki, kila Alhamisi niliifukizia udi na kuinyunyizia marashi ya dukani, kisha nikaifunga kwa kitambaa cha kijani, sawa na nilivyofunga msahafu wake. Niliona haifai maneno ya Mungu yalale ndani ya kitu chenye harufu ya plastiki. Marashi yakapenya kwenye tundu la waya, yakaila taratibu. Tena Alhamisi ile kabla ya Idi niliijaribu, nikaisikia ikigonga, nikanyamaza. Firdaus alipoushika waya, nikapata wa kumtwika. Nilikuambia hujui kulea. Ukaondoka pilau haijaiva, ukimbeba mtoto anayelia, nami nikakuacha uende. Nisamehe, mdogo wangu. Nimeona haya tangu siku ile.

Mama nimekwisha kumwambia. Alisema alijua, kwa sababu mtoto hana nguvu ya kuozesha shaba.

Hitima ni Jumamosi ijayo. Njoo, na Firdaus aje. Wale wale waliokuwepo Idi nimewaalika wote, na kabla ya Yasini nitasimama niwaambie nani aliiharibu. Humu ndani ya bahasha mna flashi yenye ile darsa, muisikilize pamoja na Firdaus, babu yake anamtaja kwa jina.

Msalimie shemeji, na majirani wote wanaoniulizia. Waya mwingine nimenunua, mrefu wa mita mbili. Mwambie Firdaus auvute atakavyo.

Dada yako,
Mahfudha