Waya Haukukatikia Wema

Tuneya, msomee mama yako karatasi hii polepole. Nimechukua mtumbwi. Fukuzeni nyani kwenye mahindi. Ami yako Buya wamemfunga kwenye ofisi ya simu. Mpelekeeni ndizi, msimame hapo mpaka ale.

Wanasema alikata waya wa simu shambani kwake kule kijiji cha Wema. Asubuhi hii bwana wa simu aliupima mbele yangu: betri volti ishirini, mkondo sehemu moja ya kumi ya ampea. Nikagawanya, ukinzani ukatoka omu mia mbili. Kila maili ya waya ni omu kumi. Basi waya umeanguka chini maili ishirini kutoka hapa, upande wa Kipini, na Wema ni maili tano tu. Ungeangukia Wema, mkondo ungekuwa mara nne ya ule. Nilipomwambia, akacheka. "Mbeba nguzo naye anapiga hesabu? Kaniletee ncha iliyokatika." Ndiye aliyetuita wezi mwaka wa mafuriko. Sijasahau.

Ijumaa wanampeleka Buya gereza la Lamu. Leo Jumatano, nami naifuata ncha hiyo kwa mtumbwi. Esha mke wangu, ulinicheka kwamba nimeoa vitabu. Nicheke tena nikirudi, nitashukuru.

~~Nisiporudi kufikia Ijumaa, mwambieni Buya akubali kosa, labda watampunguzia.~~

Hapana, msimwambie hivyo. Akishakubali wataliandika, na hata nikiileta ncha hiyo hakuna atakayeitazama. Mwambieni akane mpaka anione.

Baba Tuneya