Mikanda Chini ya Kitambaa Cheusi

4 Februari

Kwa Baba mdogo,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi kimekuachia usingizi. Mimi sijambo. Bado nafua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, nanuka sabuni hata nikila.

Tangu tumzike baba, kila redio ninayoiwasha inamtaja. Jana mtangazaji alisema Mzee Nyuzi amewafundisha wapiga gitaa wote waliomfuata, hata wasiowahi kuonana naye. Kisha akalieleza gitagoti alilolibuni: gitaa lenye wenzo chini, ukiusukuma kwa goti sauti inapanda na kushuka kama mtu anayelia. Nililia juu ya pasi.

Mkuu wa ukumbi wa muziki ameniandikia. Wanatayarisha chumba cha kumkumbuka, wanalitaka gitagoti lile la kwanza. Anasema kila akikuuliza unamjibu liko kwa fundi rangi. Baba mdogo, baba alichukia rangi. Liko wapi?

Mwanao


20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, kikohozi kinakuja na kuondoka kama mgeni asiye na haya. Mama yako mdogo anauliza kama unakula.

Kuhusu gitagoti, usijisumbue. Liko salama. Mbao hunywa unyevu, zinataka kuangaliwa, na mimi ndiye seremala niliyelichonga tumbo lake. Huyo mkuu wa ukumbi ana haraka ya nini? Marehemu haendi popote.

Mvua zimeanza. Paa la karakana linavuja.

Baba yako mdogo


11 Machi

Kwa Baba mdogo,

Shikamoo. Mungu akuzidishie afya, wewe na mama mdogo.

Nimempigia fundi rangi. Anasema hajalitia machoni tangu baba akiwa hai. Shangazi naye alikuona, matanga hayajaisha, ukitoka nalo umelifunga kwenye blanketi, "kama mtu aliyebeba mtoto wa wenyewe." Hayo ni maneno yake.

Siku hizi nawaza mengi. Jukwaani ulikuwa ukikaa nyuma ya baba, na hakuna aliyejua kazi yako pale. Baba alikuwa akifunika mkono wake na shingo ya gitaa kwa kitambaa cheusi, watu wakasema anaficha mbinu asiibiwe. Najiuliza alikuwa akimficha nani mbinu hizo. Wapo wanaotengeneza magitagoti ya kuiga na kuyauza kwa majina yao. Wangelitamani sana la kwanza.

Sisemi umeliuza. Nauliza, na kuuliza si ujinga. Shangazi anasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nimekataa kulitamka hilo, ila nimeliandika.

Mwanao


30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Tuko salama.

Barua yako niliiweka juu ya kabati, nikawa naipitia mbali kama maziwa yaliyoharibika. Umeniita mwizi kwa adabu, na ni hiyo adabu iliyoniuma.

Basi sikiliza. Mkono wa kushoto wa baba yako ulikufa. Haukufa siku moja. Ulianza kidole kimoja, kikafuata kingine, wewe ukiwa bado unatambaa. Alikuja karakana, akakaa juu ya vumbi la mbao na suti yake. Akaniambia, "Ndugu yangu, goti langu bado linanisikia." Nikacheka. Yeye hakucheka. Ndipo tukaanza.

Kazi ya vidole tukaliachia goti. Mkono wenyewe niliufunga kwenye shingo ya gitaa kwa mikanda ya ngozi, ukae kana kwamba unabonyeza nyuzi. Kitambaa kilificha mikanda. Mimi nilikaa nyuma ili taa zikizimwa nimfungue, maana mwenyewe asingeweza. Nyumbani aliuweka mkono mfukoni, mkadhani ni maringo. Mama yako alijua, akafa na siri hiyo.

Watu wakasema ni ubunifu. Ulikuwa mkongojo, mwanangu. Vijana wenye mikono mizima wakauiga mkongojo.

Aliniapisha nisimwonyeshe mgeni gitagoti lile. Hao wa ukumbini wangeliweka chini ya taa, na mikanda bado imeshika umbo la kiganja chake. Ndiyo maana nilidanganya, na kudanganya sijui, kama ulivyoona.

Lakini mimi niliapa, wewe hukuapa. Wala wewe si mgeni. Jirani yetu mwenye lori atakuletea. Mwambie shangazi yako mtoto amerudi kwa wenyewe.

Baba yako mdogo


17 Juni

Baba mdogo wangu,

Shikamoo. Limefika zima.

Sitakuficha: kabla ya kuamini, nilishusha picha zote za nyumbani, za tangu utoto wangu. Kila moja, mkono wa kushoto uko mfukoni. Hata ile aliyonipakata, amenishika kwa mmoja. Nimeitazama picha hiyo miaka yote nikidhani hakunipenda vya kutosha kunishika kwa mikono miwili.

Radhi haiombwi kwa barua. Nitakuja nipige magoti. Ila gitagoti nitalipeleka ukumbini pamoja na mikanda yake. Ukikataa, niandikie mapema.

Mwanao


9 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Sikukujibu, na kunyamaza ni kukubali.

Nilikwenda siku ya kufungua chumba, kwa kuwa wewe kazini wamekunyima ruhusa. Wapiga gitaa wakongwe walilizunguka kabati la kioo, mikono nyuma. Mmoja akasema makusudi nimsikie, "Seremala katia mikanda baada ya mazishi, naye apate kutajwa." Wenzake wakaguna kukubali. Kama damu yangu ilinishuku, yeye aniamini kwa lipi?

Walipotoka alibaki mama mmoja, mshona nguo. Mkono wake wa kushoto umelala tangu apate kiharusi. Akauliza nani aliitengeneza ile mikanda. Nikasema ni mimi. Akanikagua juu mpaka chini, kama anayeuziwa kuku mgonjwa.

"Kama kweli ni wewe," akasema, "nifunge."

Mkuu wa ukumbi alifungua kioo shingo upande. Mikanda ilimpwaya, mkono ukachomoka mara mbili. Alipousukuma wenzo ikatoka sauti mbaya, kama ya mlango wa choo. Akasukuma tena.

Asubuhi hii mama huyo amekuja karakana. Nimempima kiganja kwa uzi, ngozi ya mikanda yake iko mezani. Naishia hapa, maana amekaa kwenye kigoda ananitazama, anasema naandika sana na kisu sijakigusa.

Baba yako mdogo