Nilivyofungiwa Stoo Kule Tabaka

Mama,

Shikamoo. Goti lako limepoa, au bado unapanda ngazi huku unalilaani? Mimi huku Kisii ni mzima, ila baridi ya milima hii bado hatujazoeana, na mvua ya alasiri haikosi. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu ukiipokea unaweka sauti juu, wapangaji wote wa Changamwe wanasikia. Haya ni yako peke yako.

Mwalimu wetu wa filamu husema ukitaka mtazamaji ashike roho mkononi, mwoneshe hatari mapema, kisha mcheleweshe. Wewe sikucheleweshi, presha yako naijua: nilifungiwa ndani ya stoo, nikatoka salama. Sasa vuta pumzi usome.

Filamu yetu ya mtihani ni ya kusisimua. Msichana amejificha kwenye stoo ya vinyago, muuaji anamkaribia. Tuko watatu: Ombati ndiye mwongozaji, Kerubo ananasa sauti, mimi ndiye msichana. Stoo tulipewa bure na mzee mmoja wa Tabaka, mchonga mawe, Msabato wa kweli kweli, kwa sharti moja: siku ya Sabato tusifanye kazi mle. Ijumaa akatuachia wazi tuondoe vitu vyetu kabla jua halijazama. Hatukuondoa. Ombati alitaka Jumamosi, eti siku nyingine tindo na msasa za wachongaji zinaharibu sauti. Nikamwambia tumeahidi. "Wewe wa Mombasa unaogopa nini? Hakuna mtu atajua." Nikanyamaza, Mama. Hapo ndipo nilipokosea.

Niliingia, kamera ikawashwa mbele yangu, wao wakabaki nje kupiga hatua za muuaji. Ombati akataka sauti ya kufuli halisi. Lilikuwa linaning'inia mlangoni, ufunguo uko mfukoni mwa mzee. Akalibana. Ta!

"Aki Neema, hii kufuli imekataa," nikamsikia.

Kwanza nilicheka. Kisha nikakumbuka kabati la bibi, ile siku uliyonitoa nimelowa jasho na mkojo. Dirisha hakuna, unga wa mawe umejaa kooni. Nikaupiga mlango kwa ngumi. "Nendeni kanisani mkachukue ufunguo!" Ombati akakataa katakata: mzee akijua tumevunja Sabato yake, filamu imekufa. "Vumilia, ibada itaisha saa sita." Ilikuwa saa nne. Nilisikia nyimbo zao kutoka ng'ambo ya migomba, na kila wimbo ukiisha nadhani ndio wa mwisho. Nililia mpaka nikakuita.

Mwishowe Kerubo alimtukana Ombati kwa Kikisii, akakimbia kanisani. Mzee alikuja na suti yake, Biblia kwapani. Hakufoka. Alinifuta vumbi usoni akasema, "Ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato tunamtoa, sembuse mtoto wa watu? Mngeniita saa ile ile." Wallahi niliona haya, afadhali angenichapa.

Kumbe kamera haikuzimwa. Ombati amekitia kilio changu kwenye filamu, na mwalimu amekisifu: "Hapa mmejua kuuchelewesha mlango!" Anadhani naigiza. Nimemsihi Ombati akikate, ananiambia hapo ndipo utamu ulipo. Nikimweleza mwalimu ukweli, filamu inafutwa kwa kuwa tulivunja sharti la mzee, na tunarudia mwaka sote, hata Kerubo aliyenikimbilia ufunguo, ambaye mama yake, mchuma chai wa Gesima, anahesabu siku amalize masomo. Kwa hiyo nimekubali kwa mdomo. Moyo haujakubali. Ijumaa itaoneshwa ukumbini, watu watapiga makofi, nami nitakuwa nimekaa katikati yao.

Nisalimie kaka mkubwa, mwambie fulana yake ya kijani ninayo mimi, asimlaumu dobi. Nisalimie shangazi wa maandazi. Bibi naye umbusu, na lile kabati lake mkipata mnunuzi, liuzeni.

Kaka atakuonesha filamu kwa simu yake. Majirani watasema mwanao anajua kuigiza, waache waseme. Lakini ukifika pale msichana anapoita "Mama!" mara tatu, nakuomba uitike.

Mwanao wa mwisho,
Neema