Kamera ya Mama na Anwani Iliyohama

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka Bonge,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe, wifi yangu na watoto. Vipi mgongo, umepoa, au bado unatembea kama umemeza fimbo? Sisi huku tunasema hatujambo, ila mimi roho iko juu tangu Jumanne, hata chakula hakipiti. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu Mama hukaa ubavuni kwangu, na haya sitaki ayasikie.

Usishtuke. Mama yupo, mzima, hivi sasa anagombana na redio yake.

Ile kamera uliyotuletea tumwangalie Mama alipoanza kusahau imetuponza. Unaijua kazi yangu, mchana kutwa nakata vioo vya miwani, simu iko pembeni ya mashine. Jumanne asubuhi nikatupa jicho, nikamwona Mama kitini, shali mabegani. Nikatupa jicho tena, yuko vilevile. Nikasema, ah, leo ametulia, nikaendelea na kazi kwa raha zangu.

Mara simu ikaita. Alikuwa yule mama fundi cherehani wa hapo chini, kamshika Mama barabarani, Mama kavaa kiatu kimoja. Nami, jamani, nikambishia! Nikamwambia amemfananisha, Mama yuko kitini, nimemwona kwa macho yangu.

“Umemwona nani, wewe? Huyu hapa ananifinya mkono!”

Nilitoka mbio na aproni ya kazini, nalia njia nzima bila aibu. Nilimkuta Mama ameketi kwa fundi katikati ya vitambaa vya watu, anatabasamu. Kule barabarani lori lilikuwa limefunga breki mbele yake, Kaka. Tangu siku hiyo nikisikia breki tu, nashika simu kumtazama.

Kumbe ile picha ilikuwa imeganda tangu asubuhi. Chini yake kulikuwa na maandishi madogo kwamba mawasiliano yamekatika. Mimi ninayetengenezea watu miwani sikuyaona!

Nikamwita fundi wa intaneti, akanieleza, nami nakupa kama nilivyoelewa. Ruta yetu, kile kisanduku cha intaneti nyuma ya kabati, ina anwani, namba ambazo simu yangu inazifuata ikitaka kuingia nyumbani kutoka nje. Anwani hiyo si yetu, kampuni inatuazima tu. Ruta ikizimwa na kuwashwa, inaweza kupewa nyingine, na ile ya kwanza akapewa mteja mwingine. Wewe uliniwekea kwenye simu namba za siku ile ulipofunga kamera, basi simu ikawa inabisha hodi mahali ambapo hatupo tena.

Kwa mtu anayesoma habari au kutazama video, anwani ya kubadilika haina shida, maana ni yeye anayetoka kwenda kutafuta. Sisi tunataka kutafutwa, ndiyo maana tunahitaji ya kudumu, inayobaki yetu hata ruta ikizimwa mara ngapi. Nimeiomba na imeshawekwa. Ila fundi akanionya kwamba anwani isiyohama, hata mwenye nia mbaya akiijua anajua pa kurudi. Nikabadilisha nywila ya kamera palepale. Ile yako, Bonge moja mbili tatu, hata paka angeifungua.

Lakini swali lake moja likanikaa kichwani: nani anazima ruta? Jumanne umeme haukukatika.

Ijumaa nikapata jibu. Nilikuwa kazini, nimekodolea simu macho. Mama akainuka, akaja mbele ya kamera, akasema neno. Akangoja. Akasema tena, akatabasamu, akangoja. Kisha uso ukambadilika, akapeleka mkono nyuma ya kabati, picha ikaganda. Nikampigia fundi cherehani apande haraka, nami mbio tena. Nilipofika ruta ilikuwa inawaka, Mama alishaichomeka, maana redio yake iko kwenye waya huohuo.

Nikamuuliza taratibu kwa nini anachomoa.

“Kaka yako si yumo humo, ananitazama tu. Namsalimu kila siku, hanijibu. Nikamzimia. Halafu siku ile nikatoka kumfuata.”

Nilienda jikoni nikafungua bomba ili asinisikie nikilia. Sikulaumu wewe, Kaka. Hata mimi nilidhani kumwona ndiko kumtunza.

Fundi cherehani sasa anapanda na kazi zake kushonea hapa sebuleni nikiwa kazini, na bado sina amani. Anakusalimu sana, na Mjomba fundi bomba pia. Msalimie wifi yangu, na yule mwanao Kipara mwambie shangazi yake anamkumbuka.

Nina ombi moja. Ile kamera ina spika, fundi wa intaneti ameijaribu, inasikika vizuri. Anwani mpya na nywila nitakutumia kwa simu, ukishaziweka mara moja utampata. Akiamka, Mama anakusalimu kabla hata hajanawa uso. Tafadhali umjibu. Na akikuuliza unakuja lini, usimtajie siku usiyo na hakika nayo, maana siku hiyo atashuka ngazi kwenda kukupokea.

Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, na akufikishe kwetu Mama angali anakujua.

Wako akupendaye,
Kitinda Mimba wenu.