Karatasi ya Kinywa cha Baba

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na watoto. Natumaini mgongo wako umepata nafuu tangu uliporudi kutoka msibani. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anakula kidogo, analala kidogo, na bado anaandaa vikombe viwili vya chai. Nimeacha kumkumbusha.

Nimeisoma nakala ya malalamiko uliyopeleka hospitali kuhusu kifo cha Baba. Umeandika kwa ukali, na sikulaumu. Muuguzi uliyemtaja, yule mwembamba mwenye miwani, amesimamishwa kazi, na wiki ijayo ataitwa mbele ya kamati. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ungenikatiza, nakujua.

Baba alipopata kiharusi na kuwekewa mpira wa kupumulia kooni, muuguzi huyo aliniita pembeni. Alinieleza kwamba fizi za Baba zimevimba na zina usaha, na kwamba uchafu wake hushuka na mate, ukipita kando ya ule mpira hadi mapafuni, ukaleta nimonia. Kinywa kilitakiwa kusafishwa mara tatu kwa siku, kwa pamba na dawa. Alikuwa na wagonjwa sita peke yake. Akanionyesha mara mbili, akasema asubuhi atafanya yeye, mchana na jioni nimsaidie mimi, kisha nitie alama kwenye karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda.

Unamjua Baba na kinywa chake. Fundi cherehani mzima, alibana pini kwa midomo tu, na akitaka kucheka kitambaa kilitangulia mdomoni, tusimwone meno. Siku ile ya kwanza nilipogusa ufizi, damu ilitoka, na chozi likamtoka jicho moja. Muuguzi alisema huenda si la maumivu. Mimi nikaiweka pamba chini.

Kaka, sikusafisha tena. Muda ukifika nililoweka pamba, nikaitupa kwenye pipa, nikatia alama. Siku nane, alama kumi na sita, zote za uongo. Muuguzi alizisaini kwa kuniamini. Daktari alipotwambia kwamba nimonia ndiyo iliyommaliza, niliinamisha kichwa, nawe ukadhani ni majonzi tu. Labda angekufa hata hivyo, maana kiharusi kilikuwa kikubwa. Sitajua kamwe. Ninachojua ni kwamba nilimwonea haya baba yangu mwenyewe, nikaiita haya hiyo heshima.

Muuguzi hajanitaja kwa mtu. Jana nilimfuata kwake, nikamweleza yote, akasema kazi ilikuwa yake kwa sheria, na hawezi kumtwika mfiwa mzigo. Nililia njia nzima kurudi nyumbani.

Leo asubuhi nimepeleka maelezo yangu kwa kamati. Sikukusubiri, kwa sababu ungenionea huruma ukanizuia. Nakuomba nawe uandike, uliondoe jina lake. Mama hajui bado, nitamwambia mwenyewe.

Mpe wifi pole yangu kwa safari ile ndefu, na uwabusu watoto. Uliniambia wanajisifu shuleni kwamba shangazi yao ndiye aliyemuuguza babu. Naomba waniite shangazi tu.

Ni mimi, mdogo wako