Haikuwa Muda Mfupi, Baba

Baba,

Chebet anatembea sasa. Ulimwacha akiwa tumboni mwangu, leo ananifuata mpaka mlango wa choo. Mwezi uliopita nilishinda humo nikiwa nimekunywa ile dawa ya kusafisha utumbo, na yeye nje anagonga mlango na kiatu. Nikakukumbuka. Tulikuwa tunakuita chakula kinapoa, unajibu kutoka chooni, "Kuleni, ni pilipili tu." Baba, wewe hukuwa unakula pilipili.

Siku nilimpeleka Chebet chanjo, nesi aliniuliza kama kwetu kuna ugonjwa wa kurithi. Nikasema hakuna. Nilikuwa nimeshazoea kusema hivyo. Nilifika getini, nikarudi nikamwambia ukweli. Daktari akasema kwa vile kansa ilikushika mapema, kabla hata ya mvi, sisi watoto wako tupitishwe kamera ya utumbo hata kama hatuumwi. Kwangu walikuta kinyama kimoja kidogo, wakakitoa hapo hapo. Hakikuwa kansa bado. Lakini kingeachwa, kingeweza kugeuka kama chako.

Shida ni mwanao Kibet. Unajua alikuwa Qatar kazini, alikuja mazishi tu, na sisi tukamwambia tumbo lilikushika ghafla. Nilipomwomba akapimwe, alitoa programu ya mazishi yako ndani ya Biblia yake, akaweka kidole kwenye wasifu: aliugua kwa muda mfupi. "Si ni wewe uliandika, Jero? Wacha kunitafutia ugonjwa."

Ni mimi niliandika. Baba mkubwa na kamati yake walisema mambo ya choo hayasomwi mbele ya wakwe na mchungaji. Nilikuwa nimechoka, mimba inanisumbua, nikaandika vile walitaka. Na ni mimi nilifua nguo zako zilizochafuka karibu mwaka mzima, kabla Mama hajaamka, kwa sababu uliniambia, "Jero, hii ni yetu wawili." Nilinyamaza. Nilidhani nakutunzia heshima yako. Ningepiga kelele mapema, labda…

Hapo sitaki kuendelea.

Jana nilienda kwa Kibet huko mtaani West Indies, Chebet mgongoni. Nikachukua kalamu, nikakata yale maneno kwenye programu yake, nikaandika juu: aliugua kansa ya utumbo, akaificha, nami nikamsaidia kuificha. Alisoma akiwa amesimama mlangoni. Nilingoja anifukuze. Alikunja ile karatasi polepole, vile wewe ulikuwa unakunja gazeti, halafu akaniuliza, "Hiyo dawa ya kusafisha ni chungu?"

Nikamwambia ina chumvi, na siku hiyo asijifanye mwanaume, akae karibu na choo. Alicheka kidogo. Kisha akalia, Baba, na mimi sijawahi kuona Kibet akilia, hata kaburini.

Ijumaa nitampeleka mwenyewe. Na Desemba tukija kujengea kaburi lako, nitasimama nisome wasifu wako upya, wote, hata Baba mkubwa akiondoka kwenye kiti chake. Ile siri yetu wawili siwezi kuibeba tena. Chebet akikua nitamwambia pia, ajue kwao wanapimwa.

Lala sasa. Hukuwa na aibu yoyote, Baba. Ulikuwa mgonjwa tu.

Jerono wako,
mtaani Kimumu