Feni ya Siku ya Harusi

Wafula mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Mombasa hamjambo? Hapa Naitiri mvua imeshuka vizuri na mahindi yamefika kiunoni. Guga, babu yako, ni mzima, isipokuwa magoti. Ulimuuliza ufunge feni gani kwenye hilo gari lako la kizamani. Amesema, "Ya umeme," akarudi shambani. Si unamjua! Wacha nikueleze mimi Kukhu, bibi yako.

Mama yako alipoolewa, miaka ile ya elfu mbili, alitaka apelekwe kanisani na gari la Guga, ambalo tayari lilikuwa limezeeka. Feni yake ilizungushwa na injini, kwa hiyo gari likienda polepole nayo ilizubaa, maji yakachemka. Mafundi wa Kitale walimwambia, "Mzee, ukishika barabara upepo utalipoza."

"Barabarani sawa," akasema. "Na pale kwenye geti la kanisa je?"

Akafunga feni ya umeme, inayozunguka kasi ileile hata gari likisimama, nyuma ya rejeta inayopoza maji ya injini. Akaiwasha, akaweka karatasi upande wa mbele. Karatasi ikavutwa na upepo, ikaganda kwenye rejeta. Akatabasamu.

Tulipofika geti la kanisa kule Bungoma, wanawake waliziba njia wakiimba. Tulisogea kwa mwendo wa konokono, jua la saa saba likiwaka. Mimi nilikodolea boneti macho nikingoja mvuke. Guga alikuwa akigonga usukani kufuata wimbo wao. Alijua mapema kwamba siku hiyo hakuna atakayemharakisha binti yake.

Gari halikuchemka; walioishiwa na pumzi ni wale wanawake.

Kukhu wako